Barua kutoka Ternate: Darwin aliiba, au alibebwa?

Kila watu wakianza kubishana kuhusu Darwin lazima mmoja atokee na hii: "Mnajua lakini ile nadharia ya jinsi viumbe wanavyobadilika si yake, aliiba kwa jamaa anaitwa Wallace." Halafu mwingine anamjibu kwamba huo ni uzushi, Darwin alikuwa nayo miaka 20 kabla, na hapo mjadala unageuka Simba na Yanga. Mimi naona pande zote mbili zinaruka jambo lenyewe, maana ukitaka kuelewa kilichotokea mwaka 1858 inabidi kwanza uelewe jinsi wale watu walivyokuwa marafiki kwa njia ya posta. Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: Darwin hakuiba, ila alibebwa. Na kilichombeba ni barua za miaka kumi na nne na zaidi.

Tuanze na posta. Kabla ya 1840, Uingereza ulikuwa ukipokea barua unalipa wewe uliyeipokea, tena bei inategemea imetoka mbali kiasi gani na ina karatasi ngapi, kwa hiyo mtu akikuandikia kurasa sita kuhusu mbawakawa aliyemwona kichakani ni kama amekutumia deni. Januari 1840 wakaleta bei moja nchi nzima, peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi (kama gramu 14 hivi), na Mei mwaka huohuo ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika, ile nyeusi yenye picha ya Malkia Victoria. Ghafla mchungaji wa kijijini, mfuga njiwa wa London, mtunza bustani wa Scotland na profesa wa Cambridge wote wanaweza kuandikiana bila kufilisika.

Darwin alikuwa kama ameumbiwa mfumo huo. Alikuwa na hela za familia, hakuajiriwa popote, na alikuwa mgonjwa mgonjwa, mara kutapika, mara kichwa, hata madaktari wa wakati ule hawakuelewa shida ni nini. Mwaka 1842 akahamia Down, kijiji cha Kent karibu kilomita 25 kutoka London, na hapo ndo akakaa mpaka anakufa. Safari yake maarufu ya meli ya Beagle aliifanya akiwa kijana, baada ya hapo dunia ilimjia kwa bahasha. Barua zinazojulikana leo, alizoandika na alizoandikiwa, ni kama 15,000, na watu aliowasiliana nao wanafika kama 2,000.

Katika hao wote mmoja alikuwa wa pekee, Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea. Hooker alikuwa mdogo kwake kwa miaka minane. Kabla hajafahamiana naye vizuri alikuwa ameshapata karatasi za kitabu cha safari cha Darwin kabla hakijachapwa, akawa analala nazo chini ya mto ili akiamka tu asome kidogo kabla ya kazi, kwa hiyo unaona huyu alikuwa shabiki kwanza, urafiki ukafuata. Mwaka 1843 Hooker akarudi kutoka safari ndefu ya bahari za kusini, Darwin akamwandikia kumwomba amwangalizie mimea yake ya visiwa vya Galápagos. Ombi la kikazi kabisa. Lakini tarehe 11 Januari 1844, wakiwa wameandikiana barua chache tu, Darwin akamtobolea siri: karibu ameshawishika kwamba viumbe hubadilika, spishi si kitu kilichowekwa milele, na akaongeza kwenye mabano kwamba kusema hivyo ni kama kukiri mauaji.

Hebu fikiria unaipata barua hiyo. Hooker hakupiga kelele wala hakumfuata mtu kumwambia "umesikia ya Darwin?" Alijibu kwa utulivu kwamba angependa sana kusikia Darwin anadhani mabadiliko hayo yanatokeaje, maana maelezo yaliyopo hayajamridhisha. Hakukubali, hakukataa. Akabaki kwenye msimamo huo wa "nithibitishie" kwa miaka mingi sana, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichomfaa Darwin kuliko sifa zozote.

Mwaka huohuo wa 1844 Darwin akaandika insha ndefu ya nadharia yake nzima, akaifungia, akamwachia mke wake Emma barua kwamba nikifa chukua pauni 400 umpe mtu wa kuihariri na kuichapa. Alitaja majina ya watu kadhaa wanaofaa, na miaka kumi baadaye akaongeza maneno kwamba Hooker ndiye anayefaa kuliko wote. Hooker mwenyewe aliisoma insha hiyo mwaka 1847. Hii tarehe ishike, tutairudia.

Baada ya hapo ni barua karibu 1,400 kati yao wawili, na ukizisoma huwezi kutenganisha sayansi na maisha, zimechanganyika kama mchele na nazi. Mwaka 1855 Darwin aliamua kuona kama mbegu zinaweza kuelea baharini na bado zikaota, maana kama haziwezi basi ataelezaje mimea kufika visiwani? Akaziloweka kwenye maji ya chumvi pale nyumbani, Hooker akiwa na mashaka yake, na watoto wa Darwin wakawa wanafuatilia kama mechi, kila saa wanauliza kama baba atamshinda Dokta Hooker. Matokeo: kati ya aina 87, aina 64 ziliota baada ya siku 28 kwenye maji ya chumvi, na chache zilivumilia hata siku 137. Baba akashinda.

Halafu kuna upande ambao si wa mchezo. Darwin alimpoteza binti yake Annie mwaka 1851, akiwa na miaka kumi. Septemba 1863 binti wa Hooker, Minnie, naye akafariki akiwa na miaka sita, na Hooker akachukua kalamu saa moja tu baada ya mtoto kukata roho akamwandikia Darwin kwamba katika huzuni hii anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote. Saa moja! Ukisikia mtu anasema hawa walikuwa "wanasayansi wanaowasiliana" mwonyeshe hiyo barua.

Sasa Wallace. Alfred Russel Wallace alitoka maisha mengine kabisa, shule aliacha akiwa na miaka 14 kwa sababu nyumbani hela ziliisha. Huko Leicester akiwa mwalimu alikutana na Henry Walter Bates, kijana mwenye ugonjwa wa kukusanya mbawakawa, wakaambukizana, na mwaka 1848 wawili hao wakapanda meli kwenda Amazon wakijilipia kwa kuuza wadudu na ndege waliokaushwa. Wakati wa kurudi 1852 meli ya Wallace ikaungua katikati ya bahari na karibu mkusanyiko wake wote ukateketea. Mtu mwingine angefungua duka. Wallace mwaka 1854 akaenda tena, safari hii visiwa vya Malay, Indonesia na Malaysia za leo, akakaa huko miaka minane.

Wallace na Darwin walifahamiana kikazi, na mwanzo wenyewe wala haukuwa wa heshima kubwa: Darwin alikuwa anatafuta ngozi za kuku na bata wa kufugwa kutoka kila kona ya dunia, Wallace akawa mmoja wa watu wa kumtafutia, na kweli kutoka Lombok alituma bata mmoja na maagizo kwamba huyu ni wa Bwana Darwin. Mwaka 1855 Wallace alichapisha makala yenye harufu ya mageuko, Charles Lyell, mtaalamu wa miamba na rafiki mkubwa wa Darwin, akaishtukia akamwonya mwenzake aharakishe kuchapa. Darwin akajikokota. Alimwandikia Wallace mwaka 1857 kumtia moyo, na hapohapo kama kumwekea uzio, kwamba mimi suala hili niko nalo mwaka wa ishirini sasa.

Februari 1858 Wallace yuko upande wa Ternate, kisiwa kimoja cha hukohuko Malay, anatetemeka na homa, na katikati ya homa wazo likamjia: viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, wanaotofautiana kidogo kwa namna inayowafaa ndio wanaobaki na kuzaa, na hivyo kidogokidogo aina inabadilika. Huo ndio uteuzi asilia, kitu kilekile alichokifungia Darwin. Akaandika insha, na akamtumia nani? Darwin. Akimwomba kwamba akiona ina maana basi amwonyeshe Lyell.

Barua kutoka Ternate ilikuwa na safari. Meli ya posta ya Waholanzi ilipita mara moja kwa mwezi, barua inaenda Java, Singapore, Galle kule Sri Lanka, mpaka Suez, na mfereji ulikuwa haujachimbwa (ulifunguliwa 1869) kwa hiyo inavushwa nchi kavu mpaka Alexandria, inapandishwa meli nyingine kwenda Uingereza. Zaidi ya miezi miwili. Tarehe 18 Juni 1858 Darwin akamwandikia Lyell kwamba leo nimepokea hii, maneno yako yametimia, sijawahi kuona mgongano wa mawazo kama huu, na upya wote wa kazi yangu umevunjikavunjika.

Wanaosema aliiba wanashika hapo kwenye tarehe. Kuna barua nyingine ya Wallace, kwa mdogo wa yule Henry Bates wa Amazon, iliyoandikwa Ternate mwanzoni mwa Machi, na mihuri ya posta inaonyesha ilifika Leicester tarehe 3 Juni. Kwa hiyo wanasema na ya Darwin ilipanda meli ileile, aliificha wiki mbili akinakili. Kwa kusikia tu inaingia akilini. Tatizo ni kwamba barua ya Wallace ilikuwa inajibu barua ya Darwin ya Desemba 1857, na hiyo ilifika Ternate na meli ileile ya Machi, sasa utapokeaje barua, uijibu, na jibu lipande meli iliyoileta ikiwa inang'oa nanga? Mwaka 2012 watafiti walifuatilia ratiba za meli moja moja na kuonyesha kwamba barua ikiondoka Ternate na meli ya Aprili inafika London tarehe 17 Juni, na Down siku inayofuata. Yaani 18, kama alivyosema mzee mwenyewe.

Na hata ukiweka meli pembeni, angeiba nini? Insha ya 1844 Hooker aliishaisoma 1847. Kile kipengele ambacho watu hudai ndicho kilichoibwa, jinsi spishi moja inavyochanuka kuwa matawi mengi tofauti, Darwin alikuwa amemweleza Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, katika barua ya Septemba 1857, miezi mitano kabla ya Wallace kuugua ile homa. Barua ndizo shahidi wake. Alikuwa na bahati ya kuwa na watu wa kuwaambia siri.

Na hapa ndipo kubebwa kunapoanza.

Wiki hiyohiyo nyumba ya Darwin ilikuwa imeingiwa na maradhi. Mtoto wake wa mwisho, Charles Waring, mwenye mwaka mmoja na nusu, akafa tarehe 28 Juni kwa homa ya vipele vyekundu. Darwin hakuwa na nguvu ya kupigania chochote, alishamwandikia Lyell kwamba heri achome kitabu chake chote kuliko Wallace au mtu yeyote amwone amefanya jambo la kiunyonge, na jioni ya tarehe 29 akamtumia Hooker makaratasi yote akisema pengine tumeshachelewa na hata sijali sana. Hooker na Lyell wakayachukua, wakapata nafasi kwenye kikao cha Jumuiya ya Linnean, chama cha wanasayansi wa viumbe pale London, tarehe 1 Julai, kikao ambacho kilikuwepo tu kwa sababu mtaalamu wa mimea Robert Brown alikuwa amefariki na kile cha awali kiliahirishwa. Vikasomwa vitu vitatu: kipande cha insha ya Darwin ya 1844, kipande cha barua yake kwa Gray, halafu insha ya Wallace. Darwin hakuwepo, siku hiyo alikuwa anamzika mwanawe. Wallace alikuwa upande wa pili wa dunia anawinda ndege.

Angalia mpangilio. Mtu mwenye makala iliyokamilika kawekwa wa tatu, nyuma ya vipande viwili ambavyo Darwin mwenyewe hakuviandika kwa ajili ya kuchapwa. Na Wallace hakuulizwa. Hakuomba ichapwe, aliomba ionyeshwe kwa Lyell. Kama Darwin angeituma tu kwa jarida kama ilivyo, leo tungesema Wallace ndiye wa kwanza na Darwin aliyethibitisha. Sisemi walifanya ubaya, mimi mwenyewe sijui ningefanya nini rafiki yangu akiwa na msiba ndani, ila tuite kitu kwa jina lake: marafiki wawili wakubwa London walimbeba rafiki yao, na Wallace hakuwa na mtu wa kumbeba.

Cha ajabu ni kwamba kikao chenyewe hakikumshtua mtu. Rais wa Jumuiya mwaka uliofuata alisema mwaka ule haukuwa na ugunduzi wowote wa kutikisa sayansi. Pole yake. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka Novemba 1859, nakala 1,250.

Na Wallace alikasirika? Hapana, na hili ndilo linalowachanganya watu. Oktoba 1858 alimwandikia mama yake kwa furaha kwamba amepata barua kutoka kwa Darwin na Hooker. Kwake yeye, muuza wadudu asiye na chuo, kuandikiwa na hao ni kuingizwa ukumbini. Kitabu chake cha visiwa vya Malay, 1869, alikitabaruku kwa Darwin, na mwaka 1889 alipoandika kitabu kizima kutetea nadharia akakiita Darwinism, jina la mwenzake!

Urafiki wao haukuwa laini muda wote, Wallace aliingia mambo ya kuongea na roho za wafu, Darwin akasikitika. Lakini Wallace alipokuwa mzee na hela zimekata, Darwin na rafiki yake mwanasayansi Thomas Huxley waliandika barua kuomba serikali impe pensheni. Hooker mwanzoni akakataa katakata, akasema huyu ni mtu wa mizimu, na tena alishawahi kuweka dau la pauni 500 na mtu anayeamini dunia ni bapa (kweli kabisa, 1870, walipima kwenye mfereji, Wallace akashinda na yule bwana akamsumbua kwa miaka). Darwin akamtuliza rafiki yake taratibu, Hooker akalegea, na mwaka 1881 Wallace akapata pauni 200 kwa mwaka. Hapo sasa naye akabebwa.

Kuna wengine ambao hawakubebwa hata kidogo. Wallace alikuwa na kijana wa kazi, Ali, wa Sarawak, ambaye aliwapiga na kuwachuna ndege wengi katika ule mkusanyiko wa vielelezo 125,660. Mwaka 1858 kule Bacan ni Ali aliyerudi na ndege wa ajabu wa jamii ya ndege wa peponi wananing'inia mkandani, akamwambia bwana tazama. Ndege akapewa jina la kisayansi wallacii. Ali hakuwa na stempu wala anwani London.

Huku kwetu ni hivyohivyo. John Kirk, daktari wa Kiskochi aliyekuwa na Livingstone kule Zambezi, alifika Zanzibar 1866 akawa balozi mkubwa wa Waingereza pale, na muda wote alikuwa anamtumia Hooker mimea na mbegu kwenye bustani ya Kew, ambayo Hooker ndiye alikuwa mkurugenzi. Kwa hiyo kima punju wa Jozani ni kirkii, digidigi ni kirkii. Kuna ua dogo ambalo leo linauzwa bustanini dunia nzima, Hooker alilipa jina la sultani mwaka 1882, sultani kwa heshima ya Seyyid Barghash, halafu ikaonekana ua hilohilo alishaliita walleriana zamani, kwa jina la mmisionari Waller, rafiki wa Kirk tangu Zambezi. Jina la zamani ndilo linalohesabika kwa kanuni, kwa hiyo Sultani katolewa na rafiki wa rafiki. Na aliyemwonyesha Kirk kima punju anapolala usiku, wala hatutajiwa.

Darwin alifariki Aprili 1882. Akazikwa Westminster Abbey, na katika waliosindikiza jeneza walikuwemo Hooker, Huxley na Wallace.

Tarehe 1 Julai 1908, miaka 50 kamili baada ya kile kikao, Jumuiya ya Linnean iliwakusanya waliobaki. Wallace, miaka 85, akapewa medali ya dhahabu na akasema mgawo wa sifa kati yake na Darwin ulinganishwe na muda ambao kila mmoja aliutumia kwenye wazo hilo, yaani miaka ishirini kwa wiki moja. Hooker naye alikuwepo, ametimiza miaka 91 jana yake, akasimama kueleza yale aliyoyafanya na Lyell. Akasema kwamba barua zao wawili kwa Darwin za siku zile hazionekani, na cha kushangaza zaidi, barua ya Wallace na insha iliyokuwa ndani yake navyo vimepotea. Wallace mwenyewe amekaa palepale anasikiliza.